Kuifufua Pawatila Kuukuu: Somo kwa Mnunuzi na Mmiliki

Ukipita katika vijiji vya Mkoa wa Songwe, kuanzia bonde la mpunga la Kamsamba wilayani Momba hadi kwenye mashamba ya mahindi na kahawa ya Mbozi, hutakosa kuiona pawatila iliyosimama. Imeegeshwa kando ya ghala au chini ya mwembe, magurudumu yamekwisha upepo, na tangi la maji limegeuka makao ya mijusi. Kuanzia mwaka 2009, chini ya azma ya Kilimo Kwanza, halmashauri nyingi nchini zilinunua matrekta haya madogo ya mkono na kuyagawa kwa vikundi vya wakulima. Wakati huo Songwe ilikuwa bado sehemu ya Mkoa wa Mbeya; mkoa wenyewe ulizaliwa mwaka 2016. Baadhi ya mashine zilifanya kazi misimu mingi. Nyingine zilisimama mapema kwa kukosa spea, kwa kukosa mwendeshaji aliyefundishwa, au kwa sababu zilipelekwa kwenye ardhi ngumu isiyozifaa.

Sasa mashine za namna hiyo zinabadilisha mikono. Kikundi kilichovunjika huuza mali yake. Mwenye kununua mpya huiachilia ya zamani. Kijana aliyeuza mpunga wake kwa bei nzuri huona hapo mlango wa kujiajiri, alime mashamba ya wenzake kwa malipo na kubeba mizigo kwa tela. Ni wazo jema, nasi hatumkatishi mtu tamaa. Injini ya pawatila ni nyepesi kueleweka kuliko ya gari, vipuri vyake havijaadimika, na chuma chake kikitunzwa huishi muda mrefu. Hata hivyo, fedha nyingi hupotea kwa mpangilio mbaya wa kazi. Mnunuzi huanza na matairi na rangi, akakusudia kumalizia na injini; akiifikia injini, mfuko umekwisha. Somo hili linaipanga kazi hiyo upya, na linaeleza haki za mlaji pale zinapomhusu.

Anza na kibati

Pawatila nyingi zilizoko nchini zina injini ya dizeli ya silinda moja iliyolala, inayowashwa kwa kuzungusha hendeli. Muundo unaojulikana sana ni ule wa Kichina uitwao S195, wenye silinda ya kipenyo cha milimita 95 na mwendo wa pistoni wa milimita 115. Viwanda vingi vya China vimetengeneza injini kwa muundo huo, kila kimoja kwa jina lake, na kwa hiyo jina lililobandikwa kwenye kava halikuambii mengi. Kinachosema kweli ni kibati kilichopigwa riveti ubavuni mwa injini. Humo husomeka aina ya injini, namba yake, nguvu yake kwa kilowati, na idadi ya mizunguko kwa dakika.

Zishike hizo kilowati. Muuzaji atakutajia nguvu za farasi. Wewe chukua kilowati za kwenye kibati ugawanye kwa 0.735. Injini ya kilowati 8.8 ina nguvu za farasi 12, si 15 wala 18. Baadhi ya vibati huonyesha namba mbili: nguvu ambayo injini inaweza kuitoa kwa saa 12 mfululizo, na nyingine kubwa kidogo inayohimilika kwa saa moja tu. Ya kulimia ni ile ndogo.

Ikiwa kibati kimebanduliwa, au namba iliyogongwa kwenye chuma haifanani na iliyo kwenye karatasi, simama hapo uulize mashine imetoka wapi. Mali ya kikundi haiuzwi na mtu mmoja kwa idhini ya nafsi yake. Omba muhtasari wa kikao kilichoruhusu mauzo, wenye sahihi za viongozi, na ubaki na nakala. Asiye na mali hawezi kukuhamishia umiliki wa mali hiyo. Wenyewe wakijitokeza baadaye, yamkini ukapoteza mashine na fedha kwa pamoja.

Kupima kabla ya kulipa

Mwambie muuzaji mapema kwamba utaikagua injini ikiwa baridi. Ukifika ukaikuta imekwisha kuwashwa na kupata moto, keti usubiri ipoe. Injini iliyochoka huwaka kwa urahisi ikiwa moto, na ugonjwa wake hujificha humo.

Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi si kosa, kwa maana injini ya dizeli huichafua oili kwa siku chache tu. Kosa ni oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa: humo mmeingia maji, ama kwa gasketi ya hedi iliyoungua, ama kwa mipira ya slivu iliyochoka, ama kwa bloku iliyopasuka. Mawili ya kwanza hutengenezeka kwa gharama ya kawaida. La tatu kwa kawaida huvunja biashara. Paka tone la oili hiyo kidoleni ulitazame juani. Ukiona chembe zinazometameta, beringi za kranki zinalika.

Kisha ipime pumzi yake. Weka mkono wa gesi kwenye nafasi ya kuzima ili dizeli isiingie. Injini hizi zina kishikizo cha kulegeza mgandamizo. Kikishikwa, hendeli huzunguka bila taabu. Sasa kiachie, uzungushe polepole. Panapofika mgandamizo, mkono usikie ukinzani mkali, kana kwamba kuna mtu anayekusukuma kutoka upande wa pili. Hendeli ikipita bila ukinzani, hewa inatoroka, na ni wajibu wako kujua inatokea wapi. Mwombe mwenzako aendelee kuzungusha nawe utege sikio. Mluzi ukisikika katika bomba la moshi, valvu ya kutolea moshi haikai vizuri. Ukisikika kwenye chujio la hewa, ni valvu ya kuingizia hewa. Ukisikika kwenye tundu la oili au kipumulio cha injini, ringi na slivu zimekwisha. Tofauti hii ni ya fedha: kusaga valvu ni kazi ya nusu siku, lakini kubadili slivu, pistoni na ringi ni kuifungua injini yote.

Baada ya hapo ndipo iwashwe. Moshi wa bluu usiokoma maana yake oili inaungua ndani. Moshi mweupe wakati wa kuanza, unaokoma injini ikipata moto, si wa kutisha; usiokoma huashiria nozeli mbovu, mgandamizo hafifu, au maji ndani ya silinda. Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa, na hapa mnunuzi wa Songwe ana jambo lake la kujua. Nyanda za Mbozi na Tunduma ziko takriban mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Rukwa liko karibu mita 800. Injini isiyo na kisukuma hewa hupoteza, kwa kadirio la mafundi, kama asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa kuwa hewa ya juu ni hafifu. Kwa hiyo pawatila iliyofanya kazi vyema Kamsamba yaweza kutoa weusi kidogo na kulegea ikipandishwa mlimani, bila kuwa na ubovu wowote. Ijaribu mahali utakapoifanyia kazi, au angalau uihukumu kwa kuzingatia mahali ulipo.

Injini ikiwa inanguruma na bado haijapata moto, chungulia tangi la maji. Mapovu yanayopanda mfululizo tangu mwanzo ni hewa ya silinda inayopenya kwenye gasketi au kwenye ufa. Maji kuchemka baadaye, chini ya kazi, ni jambo la kawaida kwa tangi la wazi. Ndivyo lilivyokusudiwa, lipoze kwa mvuke na kuongezwa maji.

Giaboksi haisemi uongo sana. Ingiza gia moja baada ya nyingine huku mashine ikitembea, usikilize kishindo, uone kama ipo inayochomoka yenyewe. Bana kishikizo cha kugeuzia cha kushoto, kisha cha kulia: mashine igeuke upande uleule. Tazama ekseli kama zinavuja oili. Kagua vilevile mnyororo wa sehemu ya kulimia na majembe yake. Majembe ni vitu vya kulika na bei yake si kubwa, lakini shafti iliyopinda ni habari nyingine.

Rangi mpya juu ya mashine ya zamani itazamwe kwa shaka. Kwangua kidogo penye maungio, pembeni mwa miguu ya injini na kwenye kava la giaboksi, uone kama kuna mshono wa kuchomelea. Kutu yenyewe isikutishe mno. Wana Mbozi wana kimondo chao pale Ndolezi, chuma kwa takriban asilimia 90 na nikeli karibu asilimia 9, kilichokaa nje miaka isiyohesabika bila kuisha. Pawatila haina nikeli hiyo, lakini kutu ya juu ya fremu huondoka kwa brashi ya waya. Inayoumiza ni kutu iliyoingia ndani ya silinda baada ya chujio la hewa kuachwa wazi mvuani.

Ukikagua, sheria inakutazamaje

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi kinga ambayo wengi hawaijui. Ukimjulisha mfanyabiashara kazi unayoitakia bidhaa, ukaonyesha kwamba unategemea ujuzi wake, nayo ni bidhaa anayouza katika biashara yake ya kawaida, bidhaa hiyo inapaswa kuifaa kazi hiyo. Bidhaa iliyouzwa kwa maelezo inapaswa kulingana na maelezo hayo. Lakini sheria hiyohiyo ina mipaka mitatu inayowagusa wanunuzi wa mitumba. Kwanza, ukiikagua bidhaa mwenyewe, hutaweza baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuifichua. Pili, ukiitaja bidhaa kwa jina la nembo tu bila kueleza kazi, unajinyima kinga ya kufaa kwa kazi. Tatu, jirani anayeuza mashine yake moja si mfanyabiashara wa mashine, na kinga ya kufaa kwa kazi haimbani.

Kwa hiyo usimwambie mwenye duka, "Nipe pawatila ya aina fulani." Mwambie, "Nataka pawatila ya kulima majaruba ya mpunga Kamsamba na kuvuta tela," na sentensi hiyo iandikwe kwenye hati ya mauzo. Kwa jirani, hati ndiyo kila kitu: andikeni anachokitamka juu ya injini, kwamba haijapasuka, haijachomelewa, na kwamba ni mali yake. Nayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, ikiwa ni pamoja na kuuza kitu kilichotumika kwa kudai ni kipya. Injini iliyopakwa rangi ikauzwa kama mpya inaangukia hapo, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani.

Je, inalipa?

Hesabu ifanywe kabla ya kutoa malipo ya awali. Tuseme muuzaji anataka shilingi 2,000,000, na fundi uliyekwenda naye amekadiria matengenezo ya shilingi 1,400,000. Ongeza robo ya makadirio hayo, yaani shilingi 350,000, kwa ajili ya yale yatakayoonekana baada ya kufungua. Ongeza usafiri, tuseme shilingi 250,000. Jumla ni shilingi 4,000,000. Namba hizi ni za kufundishia tu. La msingi ni kuilinganisha jumla yako na bei ya pawatila ya aina hiyohiyo inayotembea leo. Zikilingana, nunua inayotembea.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa na fundi yeyote: msimu. Songwe hupata mvua za msimu mmoja, kwa kawaida kati ya Novemba na Aprili. Mashine inayoingia gereji mwezi Juni ina nafasi ya kufunguliwa, kupimwa na kujaribiwa. Inayoingia Novemba hutengenezwa kwa pupa, au hutoka wakati wenzako wamekwisha kupanda, na mkopo ulioukopea haungoji mvua nyingine. Kwa maoni yetu, bloku iliyopasuka pamoja na kava la giaboksi lililovunjika ni sababu ya kutosha ya kuiacha mashine, hata kama inatolewa kwa bei ya chuma chakavu. Isipokuwa kama una nyingine ya aina hiyo inayohitaji spea zake.

Makubaliano na fundi

Wengi wetu humkabidhi fundi mashine na fedha kwa maneno ya mdomo, kwa kuwa ni mtu wa mtaani na tunaheshimiana. Heshima ibaki, na karatasi iwepo pia. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha, uliotiwa sahihi na pande zote mbili mbele ya shahidi, wenye namba ya injini na picha za mashine kama ilivyopokewa.

Tunashauri kazi igawanywe mara mbili. Sehemu ya kwanza ni kufungua na kupima, kwa malipo yake yenyewe. Fundi afungue, asafishe, akuite uone, kisha aandike orodha ya vinavyobadilishwa na sababu ya kila kimoja. Sehemu ya pili ni kutengeneza, na ianze baada ya wewe kuikubali orodha hiyo. Mpango huu unamlinda fundi pia, maana hawezi kulaumiwa kwa ubovu uliokuwamo kabla hajagusa kitu.

Wakati wa kupima, uliza namba, usikubali neno "imekwisha" peke yake. Kwa mfano, ringi husukumwa ndani ya slivu ikakaa sawasawa, kisha nafasi kati ya ncha zake mbili hupimwa kwa vile vijisahani vyembamba vya chuma ambavyo mafundi huviita fila. Nafasi hiyo hulinganishwa na kitabu cha mtengenezaji. Ikiwa ringi mpya nayo ina nafasi kubwa kupita kiasi, slivu ndiyo iliyolika, na kubadili ringi pekee ni kutupa fedha. Kranki ikipelekwa kuchongwa, uliza imepunguzwa kiasi gani, kwa mfano milimita 0.25 au 0.50, kwa kuwa beringi zinazonunuliwa lazima ziwe za kipimo hichohicho. Andika kipimo hicho kwenye daftari. Atakayeifungua injini baada ya miaka mitano atakushukuru.

Sharti moja tunalolisisitiza kuliko mengine: spea zote za zamani zirudishwe kwako. Ni mali yako, na ni ushahidi. Ukirudishiwa pistoni isiyo na mkwaruzo ambayo uliambiwa ilikuwa imekufa, una swali la kuuliza. Tena malipo yasimalizwe kabla ya majaribio. Kubalianeni kiasi cha mwisho kitolewe baada ya mashine kulima au kuvuta mzigo kwa saa kadhaa mbele yako, na fundi aandike muda ambao atawajibika kwa kazi ya mikono yake. Ikiwa spea umenunua mwenyewe, ubovu wa spea hautakuwa juu yake. Hilo nalo liandikwe ili msije mkakosana.

Spea, na mpaka

Kwa kuwa injini za muundo mmoja zimetoka viwanda tofauti, spea zake nyingi huingiliana, lakini si zote. Nenda dukani na kile cha zamani mkononi. Linganisha urefu, kipenyo, idadi ya matundu na uzito. Mikanda ya kutoka injini kwenda klachi ibadilishwe yote kwa pamoja, ya namba moja na ya mtengenezaji mmoja. Ukichanganya mpya na wa zamani, mpya utabeba mzigo wote na kukatika kabla ya siku zake. Boksi zuri si uthibitisho wa spea nzuri. Pistoni bandia hupita katika boksi lenye kung'aa, na dalili zake huwa ni maandishi yaliyokosewa, chuma chenye vijitundu, na kingo ambazo hazikusawazishwa. Wasiwasi juu ya ubora wa bidhaa hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania, na wa bidhaa bandia Tume ya Ushindani.

Dai risiti ya EFD yenye jina la spea. Karatasi iliyoandikwa "vifaa" tu haitakusaidia ukirudi kusema kwamba ulinunua slivu nayo ikapasuka.

Wakazi wa Tunduma wana duka la pili hatua chache tu mbele, upande wa Nakonde nchini Zambia, na mara nyingine bei ya huko huvutia. Kununua huko si kosa. Yakumbuke mambo mawili. Bidhaa unayovuka nayo hutolewa taarifa forodhani, hata kama imeingia kwenye begi. La pili ni kwamba mauzo yaliyofanyika Nakonde yako chini ya sheria za Zambia. Ukiuziwa kibovu, wa kumlalamikia ni Tume ya Ushindani na Ulinzi wa Mlaji ya nchi hiyo, na vyombo vya Tanzania havina mkono wa kumfikia muuzaji wake. Kwa mkanda au chujio la dizeli, hatari hiyo ni ndogo. Kwa kranki au pampu ya dizeli, hata ikiwa imepungua bei kiasi, sisi tungenunua upande wetu wenye risiti.

Mashine isikudhuru

Injini iliyotoka kufunguliwa ni hatari zaidi kuliko iliyozoeleka. Ikiwa govana au fimbo ya pampu imefungwa vibaya, injini yaweza kuwaka na kupandisha mizunguko bila kushikika, wala mkono wa gesi usiitii. Kabla ya kuiwasha kwa mara ya kwanza, weka karibu kipande cha ubao kinachoweza kuziba kabisa mdomo wa kuingizia hewa, na spana ya nati ya bomba la dizeli. Ikikimbia, ziba hewa au fungua nati hiyo. Usizibe kwa kiganja.

Hendeli ishikwe kwa vidole vyote upande mmoja, kidole gumba kisiizunguke, kwa kuwa injini ikirudisha nyuma huvunja mkono. Kava la mikanda lirudishwe mahali pake kila mara. Kanga, shuka au mkono wa koti uliolegea hunaswa mara moja. Usiiache injini ikinguruma ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa jaribio la dakika chache, kwa kuwa moshi wake hudhuru kabla hujausikia. Watoto wakae mbali na tangi la maji linalochemka.

Barabarani ndipo penye vifo. Pawatila haizidi sana kilomita 15 kwa saa, na barabara kuu ya kutoka Tunduma kwenda Mbeya imejaa malori mazito usiku na mchana. Pawatila yenye tela isiyo na taa wala viakisi mwanga haipaswi kuwamo humo giza likiingia. Weka viakisi vyekundu nyuma ya tela na vyeupe mbele, pima breki ya tela kwenye mteremko mfupi kabla ya safari, wala usipakie watu juu ya magunia.

Saa za mwanzo

Mashine ikishatengenezwa, usiikimbize moja kwa moja kwenye jaruba. Saa za mwanzo ifanye kazi nyepesi, kwa gesi ya kati, ringi mpya zipate kukaa. Boliti za hedi zikazwe tena kwa kipimo na kwa mpangilio unaotajwa kitabuni. Oili ibadilishwe baada ya takriban saa 50 za kwanza, kisha kila baada ya takriban saa 100, isipokuwa kitabu cha mtengenezaji kiseme vingine. Oili ile ya kwanza hutoka na vumbi la chuma, na kuibakiza ni kuisugua injini upya. Chujio la hewa la oili lifunguliwe kila siku wakati wa vumbi. Tangi lijazwe maji safi. Maji ya jaruba yana tope, na tope hilo hukaukia kuzunguka slivu likawa blanketi, injini ikachemka huku tangi limejaa.

Kwa saa hizo funga daftari kwa kamba kwenye usukani, uandike saa za kazi, dizeli iliyoingia na oili iliyoongezwa. Ikiwa oili inapungua haraka kuliko ilivyokuwa wiki iliyotangulia, rudi kwa fundi ukiwa na daftari hilo ndani ya muda aliouandika, usingoje uishe.

Ikishafanya kazi mwezi mmoja bila kuvuja, ndipo uoshe mafuta, ukwangue kutu na kupaka rangi. Ziba kwa utepe kibati, kipumulio cha injini, mikanda na matundu ya kujazia mafuta. Rangi ikikauka, bandua utepe wa kibati uhakikishe kwamba kila namba bado inasomeka.